Kupima nitrojeni dioksaidi kwa kaviti ya mwanga: vioo viwili, leza ya 405 na kazi ya sifuri

Anayetaka kujifunza kupima molekuli kwa kaviti ya mwanga, yaani nafasi kati ya vioo viwili vinavyotazamana, namshauri aanze na nitrojeni dioksaidi. Haihitaji kuagizwa kwa mtungi, imejaa barabarani. Inafyonza mwanga wa zambarau kwa nguvu, na leza ya rangi hiyo, yaani ya nanomita 405, haina bei ya kutisha kwa sababu ilitengenezwa kwa wingi kwa ajili ya mashine za Blu-ray. Tena ni gesi inayotugusa. Nafanya kazi katika maabara ya fizikia hapa Nairobi, na dirisha letu linatazama barabara kubwa. Mama mboga, makanga na vijana wa boda wanaoshinda kando ya barabara hiyo tangu alfajiri wana haki ya kujua wanavuta nini, kwa namba iliyopimwa palepale walipo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataka wastani wa nitrojeni dioksaidi usizidi mikrogramu 25 kwa mita ya ujazo kwa siku, na 10 kwa mwaka. Ili uzungumzie viwango vidogo namna hiyo, lazima kifaa chako kione vidogo zaidi.

Vipo vifaa vya kawaida vinavyopima gesi hii kwa kuibadilisha kwanza iwe nitriki oksaidi juu ya molibdenamu yenye moto. Vinafanya kazi, ila molibdenamu hiyo hubadilisha pia asidi ya nitriki na misombo mingine ya nitrojeni, na yote inahesabiwa kana kwamba ni nitrojeni dioksaidi. Kaviti inaiangalia molekuli yenyewe. Ndiyo maana naipenda.

Kwa nini tunapima muda, si mwangaza

Njia ya zamani ya kupima ufyonzaji ni kupitisha mwanga kwenye hewa na kuangalia umepungua kiasi gani. Chukua hewa ya Nairobi yenye sehemu 20 kwa bilioni za gesi yetu, uipitishie mwanga wa nanomita 405 kwa umbali wa sentimita 50. Kitakachofyonzwa ni kama sehemu 12 kwa milioni ya mwanga huo. Leza yenyewe hupanda na kushuka kwa asilimia nzima bila mtu kuigusa, kwa hiyo unachokitafuta kimezama ndani ya mtikisiko wa leza.

Kaviti inaondoa shida mbili kwa mpigo. Vioo viwili vikitazamana, kila kimoja kikirudisha asilimia 99.99 ya mwanga unaokifikia, mwanga ulioingia katikati huenda na kurudi mara nyingi mno. Vioo vikiwa sentimita 50 kutoka kimoja hadi kingine, wastani wa safari yake ni kilomita 5. Hilo ndilo la kwanza. La pili, na kwangu ndilo kubwa, ni kwamba huhitaji tena kujua mwanga ulikuwa mkali kiasi gani. Unaizima leza ghafla, unautazama mwanga uliobaki ndani ukififia, unapima muda. Piga kofi katika nyumba tupu kabla vyombo havijaingizwa, kisha upige tena ikishajaa magodoro na mapazia: mwangwi unakufa upesi zaidi, na hauangalii kofi lilikuwa la nguvu au la. Molekuli ndani ya kaviti zinafanya kazi ya magodoro.

Muda huo huandikwa τ, na ni muda ambao mwanga unachukua kushuka hadi asilimia 37 ya ulipoanzia. Kaviti ya namba nilizotaja, ikiwa haina hewa kabisa ndani yake, ina τ ya karibu mikrosekunde 16.7.

Mbinu hii ilizaliwa kwa wapima vioo. Mwaka 1984 Anderson, Frisch na Masser walitaka kujua vioo vyao vinarudisha mwanga kiasi gani, wakaukata mwanga na kupima unavyofifia. Mwaka 1988 O'Keefe na Deacon waliligeuza swali: kama vioo havibadiliki, basi chochote kinachofupisha muda ni gesi. Wakaonyesha hivyo kwa oksijeni iliyo hewani. Kumbuka asili hiyo unapojenga chako. Kifaa hiki bado kinapima vioo, na gesi unaipata kwa kutoa: muda wa kaviti yenye hewa safi, ambao tutauita τ0, dhidi ya muda wa kaviti yenye sampuli. Kazi yote iliyobaki katika mwongozo huu ni kuhakikisha kwamba kati ya vipimo hivyo viwili hakuna kilichobadilika isipokuwa nitrojeni dioksaidi.

Vitu utakavyohitaji

Pesa zako ziende kwenye vioo kwanza. Tafuta jozi ya vioo vya kipenyo cha inchi moja, vilivyopinda kwa nusu kipenyo cha mita 1, vilivyopakwa matabaka ya kuakisi nanomita 405 kwa asilimia 99.99 au zaidi. Mpindo una maana yake. Vioo bapa viwili ni karibu muhali kuvinyoosha, mwanga hutoroka pembeni. Kanuni ni kwamba ukitoa uwiano wa umbali na nusu kipenyo cha mpindo kutoka kwenye 1, kwa kila kioo, kisha ukazidisha majibu mawili, upate namba kati ya 0 na 1. Kwa sentimita 50 na mita 1 unapata 0.5 mara 0.5, yaani 0.25. Uko salama, mbali na kingo zote mbili.

Leza iwe ya dayodi, nanomita 405, ya aina inayotoa rangi pana kidogo, kama nusu nanomita. Wanaoanza hudhani leza nyembamba ya rangi moja kamili ndiyo bora. Kwa gesi hii sivyo. Kaviti ya sentimita 50 inakubali mwanga kwenye masafa maalumu tu, yaliyopishana kwa megahezi 300, na kila moja ni jembamba kama kilohezi 10. Leza pana inafunika maelfu ya masafa hayo kwa wakati mmoja, kwa hiyo siku zote kuna mwanga unaoingia, bila kuhangaika kuifunga leza kwenye kaviti. Nitrojeni dioksaidi nayo ina ufyonzaji mpana eneo hilo, haina mistari myembamba ya kukimbizana nayo. Wameumbiwa kufanya kazi pamoja.

Leza hiyo izimike na kuwaka kwa ishara ya umeme, mara 1,000 hadi 2,000 kwa sekunde, na izimike kabisa ndani ya sehemu ndogo ya mikrosekunde. Kati ya leza na kioo cha kwanza weka kizuizi cha mwanga unaorudi, kwa sababu karibu mwanga wote unaofika kwenye kioo hicho unarudi ulikotoka, na dayodi ikirudishiwa mwanga wake hutetereka.

Nyuma ya kioo cha pili unahitaji kitambuzi chenye uwezo mkubwa, kwa kuwa mwanga unaopenya vioo viwili vya namna hii ni kidogo sana. Fotomaltiplaya ndiyo chaguo langu, ikiwa na kichujio cha rangi mbele yake ili taa za chumba zisiingie. Mengine ni ya kawaida: osiloskopu (chombo kinachochora ishara ya umeme kwenye skrini) au kadi ya kusomea ishara kwenye kompyuta, pampu ndogo, mabomba ya tefloni, kipimo cha mgandamizo wa hewa, kipimajoto, na kichujio cha tefloni cha kuzuia vumbi na moshi. Kichujio hicho si cha hiari. Chembe moja ya masizi inayopita kwenye mwanga hufupisha muda kuliko gesi unayoitafuta.

Mwili wa kaviti iwe bomba la tefloni au la chuma cha pua kilichopakwa tefloni ndani, lenye upana wa ndani wa sentimita 1. Mwanga wenyewe katikati ya vioo ni mwembamba chini ya milimita moja, hautagusa ukuta. Usitumie shaba wala mpira, gesi hii hushika kwenye kuta. Vishikio vya vioo vifungwe kwenye fimbo nne imara zinazounganisha pande mbili, ili joto la mchana lisivisogeze.

Na miwani ya kinga, ya nanomita 405 hasa. Jicho letu haliioni vizuri zambarau hiyo, kwa hiyo doa linaloonekana hafifu ukutani linaweza kuwa na nguvu ya kuharibu jicho. Vua saa na pete kabla hujaingiza mkono mezani.

Kuvinyoosha vioo

Anza bila vioo. Weka vitundu viwili vya kupitishia mwanga, kimoja kila mwisho wa bomba, na uelekeze leza ipite katikati ya vyote viwili na kufika kwenye kitambuzi kilichozimwa. Tumia kadi nyeupe ya kawaida kuufuata mwanga. Karatasi nyingi nyeupe zina dawa ya kung'arisha inayowaka buluu zikipigwa na 405, na doa litaonekana wazi kuliko mwanga wenyewe.

Funga kioo cha mbali kwanza. Doa lililorudi utaliona kwenye kadi yenye tundu uliyoiweka karibu na leza. Zungusha skrubu za kioo hadi doa lirudi ndani ya tundu lilikotokea. Kisha funga kioo cha karibu, fanya vivyo hivyo. Sasa karibu mwanga wote umetoweka nyuma ya kioo cha kwanza na utaona kama umeharibu kila kitu. Washa kitambuzi, anzisha kuwasha na kuzima leza, tazama osiloskopu. Kwa kawaida kuna kitu, ishara ndogo inayorukaruka. Zungusha skrubu za kioo cha karibu kidogokidogo, kisha za kioo cha mbali, hadi ishara itulie na kupata umbo la mteremko.

Hapa wengi hukosea kwa kufuata urefu wa ishara. Wanazungusha skrubu hadi ishara iwe kubwa kabisa na kuridhika. Usifanye hivyo. Tafuta τ iliyo ndefu kabisa na mteremko wenye tabia moja tangu mwanzo hadi mwisho. Ishara kubwa inaweza kuwa mwanga unaoyumba pembeni ya vioo na kuvuja haraka. Chora logariti ya ishara dhidi ya muda: ukipata mstari ulionyooka, umefika. Ukipata mstari uliopinda, mteremko mkali mwanzoni kisha unalegea, kuna aina mbili za mwanga ndani ya kaviti na zinafifia kwa kasi tofauti. Rudi kwenye skrubu.

Waya unaojifanya kaviti

Hili nalisema peke yake kwa sababu nimeona wanafunzi hodari likiwapotezea muda. Fotomaltiplaya hutoa mkondo wa umeme, na mkondo huo hugeuzwa kuwa volti na ukinzani ulio mwisho wa waya. Osiloskopu nyingi, zisipopangwa, zina ukinzani wa megaohmu 1. Waya wa kawaida wa mita moja una kapasitansi, yaani uwezo wa kuhifadhi chaji, ya karibu pikofaradi 100. Zidisha: mikrosekunde 100. Maana yake ni kwamba waya wako una muda wake wa kufifia, mrefu kuliko wa kaviti, na unachora mteremko mzuri, ulionyooka kabisa kwenye logariti, usiohusiana kwa vyovyote na hewa. Mtu anafurahia τ ndefu namna ile, kumbe anapima waya.

Weka ukinzani wa kiloohmu 1 mwisho wa waya. Muda wa waya unashuka hadi mikrosekunde 0.1 na hauingilii tena. Kama ishara ni ndogo mno, tumia kikuza-ishara chenye kasi, usiongeze ukinzani. Jaribio la kujihakikishia ni rahisi: badilisha waya kwa mwingine wenye urefu mara mbili. τ ikibadilika, bado hujaanza kupima kaviti.

Kusoma mteremko

Tupa mikrosekunde moja au mbili za mwanzo baada ya leza kuzimwa, hapo bado kuna mabaki ya leza yenyewe. Acha ishara ishuke hadi mwisho kabisa, angalau muda wa τ nane, na utumie mkia huo kujua sifuri ya umeme iko wapi. Sifuri ya umeme ikikosewa hata kidogo, τ yote inapinda. Wastani wa miteremko elfu moja au mbili unapatikana ndani ya sekunde moja au mbili, na kelele ya ishara hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi hiyo. Ukiweza kuijua τ kwa usahihi wa sehemu moja kwa elfu, unaona mabadiliko ya karibu sehemu 0.2 kwa bilioni ya nitrojeni dioksaidi. Kwa kifaa kilichojengwa kwa mkono, hayo ni makali sana.

Sifuri

Nakusihi muda wako mwingi uende hapa. Hewa ya sifuri unaipata kwa kupitisha hewa ileile ya nje kwenye chujio la mkaa ulioamilishwa, ambalo linaondoa nitrojeni dioksaidi. Vali ndogo ibadilishe njia kila baada ya dakika kumi au kumi na tano: sampuli, sifuri, sampuli, sifuri. τ0 ya asubuhi isitumike kwa vipimo vya mchana, kwa sababu joto limepanda, vioo vimesogea kiasi kisichoonekana, na vumbi la siku limeanza kutua.

Kwa nini tusivute hewa yote nje kwa pampu na kuita hiyo sifuri? Kwa sababu hewa safi nayo inapoteza mwanga. Nitrojeni na oksijeni hutawanya mwanga wa zambarau, ule mtawanyiko uliopewa jina la Rayleigh, unaoifanya anga iwe ya buluu. Mgandamizo wa hewa Nairobi ni karibu hektopaskali 830, na kwa nanomita 405 mtawanyiko huo ni karibu 3.2 × 10⁻⁷ kwa sentimita. Ukilinganisha ombwe na hewa yenye mgandamizo huo, kifaa kitakuonyesha sehemu kama 26 kwa bilioni za nitrojeni dioksaidi isiyokuwepo. Ungemwambia mtu hewa yake ni chafu kwa kosa la hesabu.

Hata bila ombwe, chujio la mkaa lenyewe linabana njia ya hewa. Kama mgandamizo ndani ya kaviti unashuka hektopaskali 10 kila vali inapogeukia mkaa, unajiongezea karibu theluthi ya sehemu moja kwa bilioni. Weka kibano kwenye njia ya sampuli hadi pande mbili zilingane, na urekodi mgandamizo kila sekunde ili masahihisho yawezekane baadaye. Kwa sababu hiyohiyo, ukikishusha kifaa kutoka Nairobi hadi Mombasa, τ0 itashuka kutoka karibu mikrosekunde 14.4 hadi karibu 14 bila mtu kugusa vioo. Hapo hakuna kilichoharibika, ni hewa nzito ya pwani tu.

Kuna na jambo la bomba la kuingizia hewa. Moshi wa magari unatoka zaidi kama nitriki oksaidi, ambayo ikikutana na ozoni inageuka nitrojeni dioksaidi. Nje, jua linairudisha nyuma. Ndani ya bomba ni giza, kwa hiyo safari ni ya upande mmoja. Kwa ozoni ya sehemu 30 kwa bilioni, kila sekunde kama asilimia moja ya nitriki oksaidi inageuka. Hewa ikikaa sekunde 3 kabla ya kutoka kwenye kaviti, na nitriki oksaidi kando ya barabara ikiwa 100 kwa bilioni, umejitengenezea karibu 3 zaidi mwenyewe. Mkaa hausaidii kuliona kosa hili, kwa kuwa unaondoa ozoni pia. Dawa ni bomba fupi na jembamba na mwendo wa hewa wa lita 1.5 kwa dakika au zaidi.

Kutoka mikrosekunde hadi gesi

Hesabu yenyewe ni fupi:

α = (F / c) × (1/τ − 1/τ0)

c ni kasi ya mwanga, α ni ufyonzaji kwa kila sentimita. F ni uwiano wa umbali kati ya vioo na urefu ambao sampuli inaujaza kweli. Tunaihitaji kwa sababu mbele ya kila kioo tunapuliza hewa safi kidogo kulinda uso wake, kwa hiyo sampuli haifiki hadi kwenye vioo. Kama vioo viko sentimita 50 na sampuli inajaza 42, F ni 1.19.

Tuseme τ0 ni mikrosekunde 14.4 na sampuli imekupa 13.2. Tofauti kati ya 1/τ na 1/τ0 ni karibu 6,313 kwa sekunde. Gawanya kwa kasi ya mwanga, 3 × 10¹⁰ sentimita kwa sekunde, zidisha kwa 1.19: α ni 2.5 × 10⁻⁷ kwa sentimita. Molekuli moja ya nitrojeni dioksaidi, kwa nanomita 405, inazuia eneo la karibu 6 × 10⁻¹⁹ sentimita za mraba. Gawanya tena, unapata molekuli 4.2 × 10¹¹ katika kila sentimita ya ujazo. Hewa ya Nairobi kwa nyuzi 20 ina molekuli 2.05 × 10¹⁹ katika nafasi hiyo, kwa hiyo umepata sehemu 20 kwa bilioni, au karibu mikrogramu 32 kwa mita ya ujazo.

Angalia kwamba hatukutumia mtungi wa gesi ya kulinganishia. Huo ndio uzuri wa kaviti: muda, urefu na namba ya molekuli iliyopimwa na kuchapishwa tayari vinatosha. Hata hivyo, ile 6 × 10⁻¹⁹ usiichukue kama ilivyo. Ufyonzaji wa gesi hii hupanda na kushuka kila baada ya sehemu ndogo ya nanomita, na leza yako inaweza kuwa 404 au 406. Pima rangi ya leza yako kwa spektromita, ikiwa imewaka kwa muda na joto lake limetulia, kisha uchukue wastani wa ufyonzaji uliochapishwa juu ya rangi hiyo. Baada ya hapo, ukipata nafasi ya kulinganisha na nitrojeni dioksaidi inayotengenezwa kwa kuchanganya nitriki oksaidi na ozoni kwa vipimo maalumu, fanya hivyo, F itajionyesha ikiwa sahihi au la.

Ukitaka methani au kaboni dioksaidi

Kanuni haibadiliki, ugumu ndio unapanda. Molekuli hizi tunazipima kwenye infraredi, methani karibu na nanomita 1,650, kaboni dioksaidi karibu na 1,600, na mistari yake ni myembamba. Sasa unahitaji leza ya rangi moja, na itabidi kioo kimoja kisogezwe na kipande cha piezo, kinachorefuka kidogo kikipewa umeme, ili masafa ya kaviti yaikute leza. Kusogea nusu ya urefu wa wimbi kunatosha kuikuta. Ishara ikipanda, leza inakatwa, τ inasomwa, unasogea kwenye rangi ya jirani hadi mstari wote wa molekuli uchoreke. Vifaa vya kununua vya aina hii vipo, na kimoja kimefanya kazi katika kituo cha uangalizi wa tabianchi cha Rwanda juu ya mlima Mugogo, mita 2,590 juu ya usawa wa bahari, kikipima kaboni dioksaidi, methani na kaboni monoksaidi. Huko Boulder, Marekani, kundi la Jun Ye limefika mbali zaidi: linapitisha rangi maelfu kwa pamoja kwenye kaviti na kusoma molekuli zilizo katika pumzi ya binadamu. Mimi ningekaa na nitrojeni dioksaidi hadi sifuri yangu iwe imara, kisha nihamie huko.

Kusafisha vioo

Kila siku andika τ0, joto na mgandamizo. Ukisahihisha mgandamizo na bado τ0 inateremka wiki baada ya wiki, vioo vimechafuka. Usivisafishe kabla ya hapo; kila kusafisha ni hatari kwa matabaka.

Vaa glavu. Puliza vumbi kwanza kwa pampu ya mpira, kamwe si kwa mdomo. Kunja karatasi ya lenzi bila kugusa sehemu itakayofuta, ishike kwa koleo nyembamba, idondoshee methanoli safi ya kiwango cha spektroskopia, kung'uta iliyozidi. Gusa ukingo wa kioo na uvute mara moja, taratibu, hadi ukingo wa pili, bila kusimama njiani. Nyuma ya karatasi utaona utando mwembamba wa methanoli ukirudi nyuma na kukauka. Ukikauka kwa usawa, bila kuacha duara, acha hapo. Ukiacha duara, tupa karatasi hiyo, kunja nyingine, vuta tena. Karatasi moja, mvuto mmoja. Rudisha kioo, pitisha hewa ya sifuri nusu saa, soma τ0. Ikirudi ilipokuwa siku ya kwanza, endelea na vipimo. Isiporudi baada ya kurudia, weka kioo hicho kando chenye alama na ujaribu kingine, kisha uandike kwenye daftari siku uliyobadilisha, kwa sababu τ0 zote baada ya hapo ni za jozi nyingine.